Gantri isiende mshazari: njia tano za kuendesha CNC, kwa karakana za Lamu na Malindi

Fundi wa Lamu anayetafuta CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchongea milango ataelezwa na muuzaji ukubwa wa meza, nguvu za spindo (mota inayozungusha biti) na bei. Lipo jambo la nne ambalo mara nyingi halitajwi, nalo ndilo litakaloamua kama mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, utasimama wima au utaacha mwanya juu na kubana chini: pande mbili za gantri zinaendeshwa vipi, na nini kinazilazimisha kwenda pamoja.

Gantri ni lile daraja linalovuka meza likiwa limebeba spindo. Linatembea juu ya reli mbili, moja kushoto na moja kulia, na kwenye mashine inayopokea plaiwudi nzima ya futi nane kwa nne reli hizo zinaachana zaidi ya mita moja na robo. Wachukuzi wawili wakishika boriti, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakatembea sambamba gatini, mmoja akijikwaa boriti inageuka kabla mwenzake hajajua kuna nini. Gantri ni hivyo hivyo. Upande mmoja ukibaki nyuma milimita moja tu, duara halitoki duara, mstatili unatoka na kona zilizolala, na ua la nakshi lililochongwa nusu asubuhi na nusu jioni halikutani katikati.

Njia za kuzuia hilo nimeziweka tano. Sizipimi kwa jinsi zinavyofanya kazi mashine ikiwa mpya, kwa sababu ikiwa mpya zote hufanya kazi. Nazipima kwa swali moja: siku pande mbili zitakapoachana, utajuaje, na utarudi vipi? Maana kuachana zitaachana. Stima itakatika biti ikiwa ndani ya ubao, au biti itagonga fundo la mbambakofi, au vumbi litajaa kwenye reki (ufito wa chuma wenye meno) ya upande ule ambao hakuna anayekumbuka kuusafisha.

Kwanza mwili wa mashine

Hakuna mota inayoweza kunyoosha fremu legevu. Kabla hujauliza habari za umeme, inama uangalie miguu ya gantri pale inapokalia reli. Kila upande una beringi ngapi, na zimeachana kwa kiasi gani kufuata mwendo? Beringi mbili zilizobanana ndani ya sentimita kumi haziwezi kulishika daraja la mita moja na nusu lisigeuke. Kwa vitu vinavyoteleza juu ya beringi kavu ipo kanuni ya zamani: umbali kutoka kwenye reli hadi pale nguvu inaposukuma usizidi mara mbili ya urefu wa beringi, la sivyo kitu kitakwama badala ya kuteleza. Beringi za mipira zinavumilia zaidi ya hapo kwa sababu msuguano wake ni mdogo, lakini mwelekeo ni ule ule. Miguu mirefu hushinda mota kubwa.

Fremu ngumu nayo ina shauri lake. Gantri iliyokazwa bolti ina mkao wake wa asili, na ukiiachia bila umeme itarudi kwenye mkao huo. Kama mkao huo hauko skwea, mota zitaushika kwa nguvu mashine ikiwa inafanya kazi, na beringi zitabeba mzigo ambao hazikununuliwa kwa ajili yake. Kipimo chake ni rahisi. Funga geji ya mshale mezani, ncha yake iguse mguu mmoja wa gantri, kisha zima umeme wa mota. Mshale ukiruka, pengine na mlio mdogo wa “tak”, basi mota zilikuwa zimeishika gantri ikiwa imejikunja. Dawa yake ni kuiweka gantri skwea kwa kipimo kwanza (nitaeleza chini), kisha, umeme ukiwa bado umewashwa, legeza bolti zinazounga daraja na miguu, liache daraja litulie, kaza tena. Baada ya hapo mkao wa asili na mkao wa mota ni kitu kimoja, na mashine hata sauti yake hubadilika.

Joto pia. Aluminiamu hutanuka takriban mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, chuma takriban 12. Daraja la aluminiamu la mita 1.5 lililokaa juu ya fremu ya chuma, joto likipanda nyuzi 10 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, linaizidi fremu kwa karibu mm 0.16. Si nyingi kwa nakshi, ila inatosha kuzibana beringi na kuifanya gantri iliyoteleza vizuri asubuhi iwe nzito mchana, na mota iliyo dhaifu ndiyo itakayopoteza hatua (kushindwa kusogea ilivyoamriwa) kwanza. Ndiyo maana karakana ya makuti ina nafuu kuliko ya mabati kwa mashine hizi, ingawa vumbi la mbao, mota za umeme na makuti ni majirani wa kuangaliwa kwa macho mawili.

Mota moja, skrubu moja katikati

Skrubu inapita chini ya meza na kuisukuma gantri kwenye kiuno. Hakuna pande mbili za kulinganisha, kwa hiyo hakuna cha kuachana. Lakini spindo ikichonga pembeni kabisa, nguvu ya kukata inaligeuza daraja kuizunguka ile skrubu, na kinachozuia ni beringi peke yake. Kwa meza ya sentimita 60 ya kuchonga vibao vya majina, vijisanduku na fremu za vioo, hii ni mashine halali na ya bei nafuu. Kwa mlango, hapana. Sina zaidi ya hapo.

Mota moja, shafti ya kuunganisha pande mbili

Hapa mota ni moja, lakini nguvu yake inafika kushoto na kulia kwa shafti inayovuka upana wa mashine, au kwa mkanda wenye meno unaozizungusha skrubu mbili kwa pamoja. Pande zimefungwa kwa chuma, si kwa programu. Stima ikikatika na kurudi, bado zimefungwa. Kompyuta ikigoma, bado. Mtu akiisukuma gantri kwa mkono ili kufagia meza, zinakwenda pamoja. Kwa karakana isiyo na mtu wa kuhangaika na nyaya, utulivu huo una thamani kubwa kuliko wauzaji wanavyoupa.

Udhaifu wake ni shafti yenyewe kusokotwa. Chukua shafti ya chuma ya urefu wa mita 1.3 inayopeleka nguvu ya mzunguko ya Nm 5 upande wa pili, kwenye pinioni (gia ndogo inayokamata reki) yenye nusu kipenyo cha mm 15. Shafti ikiwa na unene wa mm 12, msokoto peke yake unauchelewesha upande wa pili kwa karibu mm 0.6. Ukiweka ya mm 20, kuchelewa kunashuka chini ya mm 0.1. Ugumu wa kusokotwa unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, ndiyo maana nyongeza ndogo ya unene inaleta tofauti kubwa hivyo. Fundi mjanja huiweka mota katikati ya shafti, ili pande zote mbili zichelewe sawasawa.

Kinachoiharibu njia hii hasa ni vitu vidogo: skrubu ya kubania pinioni inalegea na pinioni inateleza juu ya shafti, au mkanda unaruka jino moja. Mashine haitasema lolote. Piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye pinioni hadi kwenye shafti, pande zote mbili. Siku mistari hiyo haipo tena kwenye mlia mmoja, umeshajua. Kurudi skwea ni kazi ya mkono: legeza upande mmoja, pima, kaza.

Mota mbili, ishara moja

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi za bei ya chini. Mota mbili za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo), moja kila upande, na zote mbili zinapokea ishara ile ile. Wakati mwingine zinagawana hata draiva moja (kifaa kinachoipa mota mkondo), na hapo angalia: zikiungwa sambamba kila mota inapata nusu ya mkondo ulioupanga kwenye draiva, na zikiungwa kwa mfululizo zinapata mkondo kamili lakini nguvu inapungua upesi mwendo ukiongezeka. Draiva mbili zinazosikiliza waya mmoja wa ishara ni bora zaidi, na bei haitofautiani sana.

Kwa muda wote ambao hakuna mota inayopoteza hatua, pande zinakwenda sawa. Shida ni kwamba stepa ya kawaida haijui ilipo. Ikikwama, inanguruma kidogo, inaruka, inaendelea. Tena hairuki kwa kiasi chochote kile, inaruka kwa mafungu ya hatua nne kamili. Kwenye mota ya hatua 200 inayozungusha skrubu ya mm 5 kwa mzunguko, mruko mmoja ni mm 0.1. Kwenye pinioni ya moduli 1 yenye meno 20 iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota, mzunguko mmoja ni mm 62.8, kwa hiyo mruko mmoja ni zaidi ya mm 1.2. Gantri ile ile, mota ile ile, na mruko mmoja umekuharibia mlango badala ya kukukwaruzia tu. Ndiyo sababu reki bila giaboksi au mkanda wa kupunguza mwendo siipendi hata kidogo.

Kuna na lile la kuzima na kuwasha. Umeme ukiondoka stepa zinalegea, na ukirudi kila moja inajishika kwenye nafasi iliyo karibu nayo, ambayo inaweza kuwa hatua mbili kamili mbele au nyuma. Kwenye ile skrubu ni mm 0.05. Kwenye ile pinioni ni zaidi ya mm 0.6, na pande mbili hazichagui nafasi kwa kushauriana.

Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Funga vigingi viwili vya chuma mwishoni mwa reli, kimoja kila upande, vimepimwa ili gantri ikivigusa vyote iwe skwea. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, ilete gantri iviguse vyote viwili, uishikilie hapo, kisha washa. Ni njia ya kimaskini na inafanya kazi. Ila kukikatika stima mara tatu kwa siku, utaifanya mara tatu.

Mota mbili, kila moja na swichi yake

Kwa nje mashine hii inafanana na iliyotangulia. Tofauti iko ndani: kidhibiti kinazijua mota mbili kama viungo viwili tofauti vya mhimili mmoja, na kila upande una swichi yake ya kuanzia. Ukiiamuru irudi mwanzo, gantri inakwenda nyuma, upande wa kwanza kugusa swichi yake unasimama, wa pili unaendelea mpaka uguse yake, na daraja limenyooka lenyewe. Kuanzia hapo mota zinakwenda pamoja.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba swichi hazihitaji kufungwa mahali sahihi kabisa. Zinatakiwa kurudia tu, yaani zishike mahali pale pale kila mara. Tofauti iliyobaki unaiandika kwenye programu kama namba. Kwenye LinuxCNC, programu ya kuendeshea mashine hizi, unaupa mhimili wa Y viungo viwili, kila kimoja na umbali wake wa kuanzia, na ukiviandikia vyote viwili HOME_SEQUENCE ya namba moja yenye alama ya kutoa, vinamalizia mwendo wa mwisho kwa pamoja. Tena kabla ya kurudi mwanzo programu haikuruhusu kusukuma kiungo kimoja peke yake ukaipinda gantri kwa bahati mbaya. FluidNC, inayoendeshwa kwenye chipu ya ESP32, ina motor0 na motor1 chini ya mhimili mmoja, kila moja na swichi yake na umbali wake wa kurudi nyuma baada ya kugusa. grblHAL nayo inaweza. Grbl ya kawaida kwenye Arduino Uno, jinsi inavyouzwa kwenye vifurushi vya bei rahisi, hutoa ishara moja tu kwa mota zote mbili, na hiyo ni ile njia iliyotangulia hata kama muuzaji ameifungia swichi mbili kwa urembo.

Swichi yenyewe, kwa hewa ya bahari, si ya kuchaguliwa kiholela. Vile viswichi vidogo vya kubofya vyenye ulimi wa bati vinashika kutu, na ulimi ukipata kutu haurudii mahali pale pale. Vihisi vya chuma visivyogusana, vya volti 24, vilivyozibwa kabisa, vinadumu zaidi na vumbi halivisumbui. Ukivitumia au usipovitumia, swichi iungwe kwa namna ambayo mkondo unapita wakati wote na kukatika inapoguswa. Hapo waya ukiliwa na panya mashine inasimama, badala ya kupitiliza ikijidhania haijafika. Na nyaya hizo zisilale pamoja na waya wa spindo inayoendeshwa na inveta. Kelele ya umeme inaweza kuisimamisha gantri upande mmoja sentimita kadhaa kabla ya swichi.

Kuna mtego mmoja wa UPS (betri ya akiba stima ikikatika) ambao wengi huuingia kwa nia njema. Unainunua, unaiunganisha kwenye kompyuta tu ili usipoteze kazi. Stima inakatika, mota zinalegea, na kompyuta inaendelea kuhesabu kana kwamba gantri inatembea. Stima ikirudi, namba kwenye kioo na mahali gantri ilipo ni vitu viwili tofauti, na mtu asiyejua ataendelea kuchonga. Tia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoitambua stima ya mota na kuiambia kompyuta isimame. Kisha rudi mwanzo, swichi zinyooshe, endelea kutoka mstari uliokatikia.

Kasoro yake isisahaulike: kati ya kurudi mwanzo mara moja na mara nyingine, stepa bado hazijui zilipo. Fundo likiirusha hatua mota moja saa nne, utachonga mshazari mpaka utakaporudi mwanzo tena. Kwa kazi ndefu ya nakshi mimi hugawa kazi kwa vipande na kurudi mwanzo kati ya kipande na kipande. Dakika moja inayopotea hapo haina uzito mbele ya bei ya ubao wa mvule.

Mota zenye enkoda

Stepa yenye enkoda (kihisi kinachopima mzunguko wa mota), au sava kamili (mota inayojisahihisha kwa enkoda), inajua ilipo. Ikikwama inajisukuma irudi kwenye nafasi yake, na ikishindwa inatoa alamu. Maneno muhimu ni hayo ya mwisho. Draiva inatoa alamu kwenye waya, na waya huo usipofika kwenye kidhibiti, upande ulioshindwa utasimama na upande wa pili utaendelea kuvuta kwa nguvu zote. Sava kubwa inaweza kupinda daraja namna hiyo, na stepa ndogo isingeweza. Nimeona mashine zimeuzwa kwa sifa ya enkoda huku nyaya za alamu zimekunjwa ndani ya sanduku, hazijaungwa popote. Alamu za pande zote mbili ziungwe zisimamishe zote mbili.

La pili ni urekebishaji. Sava hufuata amri kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunategemea jinsi ilivyorekebishwa. Kwa mwendo wa mm 6000 kwa dakika, upande mmoja ukibaki nyuma mm 3.3 na mwingine mm 3.0, gantri inakwenda mshazari kwa mm 0.3 muda wote inapotembea, kisha inajinyoosha ikisimama. Ukipima imesimama utaapa iko sawa. Kwa hiyo draiva mbili zipewe namba zile zile, na mota ziwe za aina moja na zinunuliwe pamoja. Kuchanganya chapa kwa sababu moja ilipatikana Mombasa na nyingine haikupatikana ni kununua shida kwa fedha taslimu.

Enkoda iliyo kwenye mota pia haioni kinachotokea baada ya mota. Pinioni ikiteleza juu ya shafti, enkoda itaripoti kwamba mambo ni shwari. Mashine kubwa za viwandani huongeza vipimio vilivyofungwa kando ya reli zote mbili na kulinganisha pande hizo kwa kila sehemu ya sekunde. Kwa karakana ya milango hilo ni zaidi ya haja, na rangi ya kucha ina bei nafuu.

Na enkoda haifuti swichi mbili. Enkoda za kawaida, zisizo na kumbukumbu, zikizimwa zinasahau zilipokuwa, kwa hiyo mwanzo wa siku bado unahitaji swichi za pande zote mbili.

Kwa kifupi, ubavu kwa ubavu

| Njia | Pande zikiachana, utajuaje | Kurudi skwea |
|---|---|---|
| Skrubu moja katikati | Kazi ya pembeni inatofautiana na ya katikati | Bolti na beringi |
| Shafti ya kuunganisha | Mstari wa rangi umevunjika | Kwa mkono, ila ni nadra |
| Mota mbili, ishara moja | Hujui mpaka upime kazi | Vigingi, kila unapowasha |
| Mota mbili, swichi mbili | Hujui mpaka urudi mwanzo | Inajinyoosha yenyewe |
| Enkoda na swichi mbili | Alamu, kama imeungwa | Inajinyoosha yenyewe |

Kupima kama kweli iko skwea

Gonia ya seremala haitoshi kwa mashine ya upana huu. Kosa la mm 1 kwa upana wa mm 900 litakuwa karibu theluthi moja tu ya milimita kwenye mkono wa gonia wa mm 300, na jicho halitaliona. Tumia mashine ijipime yenyewe. Toboa matundu manne madogo kwenye ubao tambarare, yakifanya mstatili wa mm 900 kwa upana na mm 1200 kwa urefu. Kona kwa kona inatakiwa iwe mm 1500 kamili kwa njia zote mbili. Tia vipini vya biti kwenye matundu, pima kwa tepi ukianzia kwenye alama ya sentimita 10, si kwenye ndoano ya tepi ambayo inacheza.

Kona kwa kona zikitofautiana mm 1.6, gantri imelala mm 1 kwa ule upana wa mm 900. Reli zako zikiwa zimeachana mm 1350, upande mmoja unatakiwa usogezwe mm 1.5. Upi? Ikiwa ndefu ni ile inayotoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia, upande wa kulia umesogea nyuma kuliko wa kushoto, uurudishe mbele. Badilisha namba kwenye programu, rudi mwanzo, toboa upya mahali pengine kwenye ubao huo huo. Kwa kawaida mara ya pili inatosha, ya tatu ni ya kuondoa wasiwasi.

Lamu si Malindi

Malindi lori linafika mlangoni na Mombasa ni kilomita kama 120 kwa barabara. Draiva ikiungua, nyingine inaweza kufika kwa basi. Kwa karakana ya Malindi inayotengeneza fanicha za hoteli, makabati na vitanda kwa wingi, mimi nasema enkoda na swichi mbili, alamu zimeungwa, reki zimetazama chini zisijae vumbi. Bei ya ziada inarudi kwenye plaiwudi ambayo haikuharibika.

Lamu ni habari nyingine. Mashine inashuka Mokowe, inavuka kwa boti, kisha inapita vichochoro vya Mkomani kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda. Gantri haipiti ikiwa nzima. Itafunguliwa, itafungwa upya, na ukihamisha karakana itafunguliwa tena. Kila mara skwea inaanza moja. Hilo peke yake linaiondoa njia yoyote ambayo kunyooka kwake kunategemea kazi ya kiwandani isiyorudiwa. Mota mbili za stepa zenye swichi mbili zinashinda hapa: kunyoosha ni matundu manne na namba moja, na stepa na draiva zake ni vitu rahisi ambavyo unaweza kuweka akiba ya kimoja kimoja kabatini bila kuuza ng'ombe. Weka akiba ya kihisi pia.

Ila kwa mchongaji wa Lamu anayefanya kazi peke yake, anayetaka mashine imchoree tu mistari ya ua na kufukua mandhari ya nyuma kisha amalizie kwa patasi zake mwenyewe, ningesema shafti nene ya mm 20 na mota moja. Kazi hiyo haihitaji mwendo wa haraka, na mashine itakayomwacha miezi sita bila kumwita mtu wa umeme ndiyo itakayomlipa.

Ukienda kununua, usiombe kuonyeshwa mashine ikichonga jina lako. Iamuru irudi mwanzo, kisha izimwe. Sukuma mguu mmoja wa gantri kwa mkono, sentimita moja mbele ikiwezekana, kisha iwashwe na iamriwe irudi mwanzo tena. Kama pande zote mbili zinagusa swichi zake kila moja kwa wakati wake, umeona. Kama muuzaji anakukataza kuigusa, muulize alamu za draiva zimeungwa wapi, na umwambie afungue sanduku akuonyeshe.